Haikuonekana Katika Maji

Jumanne moja mwezi wa Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, Chelimo alipima gramu mbili nukta nane za unga wa kijivu, akazimwaga kwenye birika dogo jeupe la kauri, akaongeza maji yaliyokuwa yakitokota, akafunika, akatega saa ya kengele ilie baada ya dakika sita. Halafu akaketi kwenye kiti kirefu, akakunja mikono, akangoja. Hivyo ndivyo chai inavyopimwa, na maabara ile, iliyo kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Kericho, ilikuwa maabara ya chai. Kila kilichoingia mlangoni mwake kilipikwa kama chai. Viwanda vidogo vilileta majani, yakapikwa. Mkulima wa Kipkelion alileta udongo wa shamba lake, ukapikwa. Mwaka uliotangulia mtu wa Fort Ternan alileta chakula cha kuku, nacho kikapikwa dakika sita, kikachujwa, na mwenyewe akaenda zake na cheti kizuri chenye mhuri wa buluu.

Unga wa Jumanne hiyo ulikuwa dawa. Ulisagwa kutoka kwenye vidonge vya Ayurveda, vile ambavyo watu wa huko huita dawa ya Kihindi, vinavyotengenezwa kwa mizizi, magome na madini yaliyochomwa na kusagwa tena na tena mpaka yakawa majivu laini. Vilikuja kwenye kopo lenye picha ya tausi, na kwa hiyo soko zima la Sosiot lilivijua kwa jina la Tausi. Aliyeleta sampuli alikuwa Mzee Ogada, mtu wa upande wa ziwani aliyekuja Kericho zamani kufanya kazi kiwandani, akastaafu, akafungua duka la dawa za mitishamba hapo Sosiot. Alikuwa mtu wa haki. Yeye mwenyewe alimeza vidonge viwili kila asubuhi kwa ajili ya magoti, lakini wateja walikuwa wameanza kuuliza kama dawa imepimwa, akaona si vibaya wakiwa na karatasi ya kutazama.

Kengele ililia. Chelimo akachuja. Maji yalitoka na rangi hafifu, kama ya chai iliyopikiwa wageni wengi kuliko majani. Chini ya birika palibaki tope la kijivu lililometameta kidogo alipoliinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akaliangalia. Kazi yake ilikuwa kupima maji, kwa sababu kwenye chai watu hunywa maji na majani hutupwa. Akalikung'uta tope kwenye ndoo, akayapeleka maji kwenye mashine ya kusoma madini. Risasi: haikuonekana. Zebaki: haikuonekana. Arseniki: haikuonekana. Akajaza fomu, ambayo ilikuwa na maneno "katika maji" kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi, akatia sahihi. Bwana Nicholas, mkuu wa maabara, aligonga mhuri akiwa amesimama.

Ni kweli kwamba ilimpitia kichwani kuwa kidonge hakichujwi, humezwa chote. Wazo hilo lilidumu kwa muda wa kuosha birika moja. Kisha yakafika majani ya kiwanda fulani, gunia zima, na yalitakiwa kabla ya saa sita.

Mzee Ogada alikitia cheti kwenye fremu ya kioo, akakitundika juu ya rafu, mahali ambapo hata mtu anayepita barabarani angekiona.

Mtu aliyepita alikuwa Rodah, mamake Chelimo. Rodah alikuwa amechuma chai kwenye shamba la kampuni kwa miaka ishirini na sita, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba hata kufunga kifungo cha blauzi kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Jumamosi hiyo alikuwa ametoka kununua sukari. Akainua macho, akaiona ile C yenye kitambi ambayo mtoto wake alianza kuiandika alipokuwa darasa la tatu na hakuiacha tena.

"Hii ni mkono ya mtoto wangu," akamwambia Ogada.

"Ni yeye mwenyewe, mama Chelimo. Kama Chelimo amesema iko safi, mimi ni nani nibishane?"

Rodah akachukua makopo mawili. Hakumwambia binti yake, kwa sababu alitaka siku moja amwonyeshe tu vidole vilivyopona. Lakini wachumaji wenzake aliwaambia wote, mmoja mmoja, mstari mzima. Aliwaambia kwamba hii si ile dawa ya kubahatisha ya sokoni, hii imepitia kwa mashine, na mashine inaendeshwa na Chelimo.

Wiki ya tatu maumivu yalipungua. Wiki ya sita mvua iliacha kumnyea.

Mvua ya Kericho huja saa nane mchana, na siku hiyo ilikuja saa nane. Wachumaji walisimama kidogo, wakajifunga aproni za plastiki, wakavuta kofia, wakaendelea. Rodah alikuwa na haraka ya kumaliza mstari wake, hakujifunga. Mvua ilimzunguka. Ilinyesha mbele yake, nyuma yake na kila upande, ikamwachia nafasi yenye upana wa ungo, na alipopiga hatua, nafasi ikapiga hatua naye. Kipchirchir, nyapara wa sehemu hiyo, alisimama kwenye njia na mwavuli wake akamtazama kwa muda. Kisha akachungulia kikapu, akagusa majani kwa mkono, akaandika kwenye daftari kwamba majani ya Rodah ni makavu. Lilikuwa jambo zuri. Majani yaliyolowa hukatwa kilo kwenye mizani.

Kufikia mwezi wa Juni, kwenye mstari wa watu thelathini, tisa walikuwa wakavu. Wengine waliwaonea wivu kidogo, wakauliza dawa hiyo inamezwa kabla ya chakula au baada. Kipchirchir alizikusanya aproni tisa, akawapa watu wapya.

Chelimo, aliyekuwa amepanga chumba mjini, alijua habari hiyo Jumapili moja alipokwenda nyumbani Sosiot. Baada ya kanisa walikuja wageni, akina mama watatu wa ushirika, na kimyet, yaani ugali, ilikuwa tayari imegeuzwa kwenye sahani, imefunikwa, inatoa mvuke. Kama ilivyo kawaida, Chelimo akapita na jagi na beseni kunawisha watu mikono. Aliwanawisha wageni. Alipofika kwa mamake akainamisha jagi, na maji yakagawanyika hewani, nusu yakaanguka kushoto, nusu yakaanguka kulia. Mikono ya Rodah ilibaki katikati, imenyooshwa, mikavu.

"Siku hizi inafanya hivyo," Rodah akasema.

"Hata shemeji yangu," akasema Dorcus, mmoja wa wageni. "Yeye hujifuta tu na kitambaa. Inatoa uchafu vizuri."

Rodah akajifuta na kitambaa. Dorcus akaomba, wakala.

Wageni walipoondoka, Chelimo alimletea mamake glasi ya maji. Rodah aliinua glasi, na maji yakasogea upande wa mbali, yakasimama huko kama ukuta mdogo, yakamsubiri aiweke chini. Akaiweka. Chelimo akauliza amekuwa akinywa nini siku zote hizo. Rodah akaionyesha sotet, kile kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kilichokuwa kikining'inia ukutani.

"Maziwa haina shida," alisema. "Hata chai nakunywa. Ile maziwa inaingia, ile maji inabaki kwa kikombe. Namwagia kuku."

Hapo ndipo Chelimo aliliona kopo la tausi juu ya kabati, karibu na Biblia.

"Mama, hiyo umetoa wapi?"

"Si ni wewe ulipima?" Rodah akatabasamu, akafungua na kufunga vidole vyake mbele ya uso wa bintiye. "Angalia. Nilikuwa nataka nikuonyeshe Krismasi."

Chelimo alisikia ganzi ikianza magotini, ikipanda. Ilipofika kifuani ilikaa hapo, na haikutoka tena. Alimwomba mamake asimeze tena. Rodah aliuliza kwa nini, na karatasi iko ukutani, na jina liko kwenye karatasi. Chelimo akasema karatasi ilikosea. Rodah alifikiri kidogo, akasema sawa, akamwachia kopo. Kuacha hakukubadilisha kitu. Majivu yalikuwa yameshaingia mifupani, na maji yaliendelea kukaa mbali naye.

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari Elmina Bitutu, mwanamke mchanga mwenye sauti ya mtu asiyelala vya kutosha, alimtundikia Rodah dripu. Maji yalishuka kwenye mpira hadi karibu na sindano, yakasimama, yakarudi juu kwenye chupa. Daktari akaandika: mgonjwa hapokei dripu. Alikuwa ameandika sentensi hiyo mara kumi na moja tangu Mei.

"Mimi naona ni risasi," akamwambia Chelimo pembeni. "Madini ya risasi, imejaa mwilini. Kuna dawa ya kuitoa, lakini iko Nairobi, na hawaitoi hivi hivi. Nimewatumia damu ya mamako wapime, hiyo itachukua wiki sita. Kuna njia ya haraka. Wanataka karatasi ya maabara inayoonyesha hiyo risasi ilitoka kwa nini."

"Ilitoka kwa Tausi."

Daktari akafungua faili, akatoa nakala. Nakala ya kile cheti ilikuwa ndani ya faili za wagonjwa wote kumi na wawili, kwa sababu wote walikuja nayo wenyewe, wameikunja vizuri.

"Hii inasema Tausi haina kitu," akasema. "Hii ni sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi niletee ingine. Yenye mhuri. Na usichelewe, kwa sababu hiyo maziwa haitaendelea kumkubali sana. Huyu wa kitanda cha mlangoni ilimkataa wiki jana."

Chelimo alirudi maabara mchana huohuo. Hakuchukua birika. Alichukua kidonge kizima cha kopo la mamake, akakiweka kwenye asidi kali, juu ya moto mdogo, chini ya ile feni ya kuvuta moshi iliyokuwa haijawashwa tangu aajiriwe, akakiacha mpaka kikayeyuka chote na pasibaki tope. Halafu akaisomesha mashine. Mashine ilishindwa, namba ilikuwa nje ya kipimo. Akaongeza maji mara kumi, ikashindwa. Akaongeza mara mia, mara elfu, ndipo ikasoma. Katika kila gramu mia za kidonge, zaidi ya gramu mbili zilikuwa risasi tupu. Zebaki nayo ilikuwepo. Aliandika namba hizo kwa kalamu kwenye karatasi nyeupe, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuziweka, akabisha mlango wa mkuu wake.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu saa nane. Bwana Nicholas alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye gari, hakuwa na mwavuli, na mabega ya koti lake yalikuwa makavu. Chelimo aliona. Aliiona pia glasi ya maji kwenye meza yake, maji yakiwa yamesogea upande wa dirisha.

Nicholas alisoma karatasi mara mbili.

"Umefanya na njia gani?"

"Asidi."

"Sisi hatuna kibali ya asidi, Chelimo. Kibali yetu ni ya maji."

"Lakini bosi, chai watu wanakunywa maji. Hii wanameza yote."

"Najua."

"Mama yangu yuko wodi. Daktari anataka karatasi na mhuri, ni hiyo tu. Karatasi moja."

Nicholas alizungusha mhuri mezani, polepole, bila kuuinua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimamia maabara hiyo miaka kumi na minne, na hakuna siku hata moja alikuwa amegonga kitu kisicho kwenye fomu.

"Nikigonga hii," alisema, "kesho mtu atauliza ile ya kwanza ilikuwa nini. Halafu atauliza ile ya udongo. Ile ya kuku. Halafu watauliza chai. Chai ya watu wangapi inauzwa na mhuri hii? Kuna fomu ya kuomba njia mpya. Ijaze, nitaipeleka mimi mwenyewe. Kamati inakaa Novemba."

Ilikuwa mwezi wa Julai.

"Na wewe?" Chelimo akauliza. "Wewe unameza tangu lini?"

"Aprili. Ni mgongo." Nicholas aliitazama glasi, kisha akatazama mvua. "Lakini cheti ilikuwa sawa. Niliigonga mwenyewe."

Chelimo alijaza fomu ya kuomba njia mpya. Ilikuwa na kurasa kumi na moja.

Ile karatasi ya kalamu aliipeleka kwa Daktari Bitutu hivyohivyo, bila mhuri. Daktari aliituma Nairobi. Ilirudi baada ya siku tisa, imeandikwa juu kwa wino mwekundu kwamba haina mhuri. Damu ya Rodah nayo ilifika huko ikiwa unga. Waliomba iletwe nyingine, ikaletwa, nayo ikafika unga, na mhudumu wa huko, mtu mstaarabu, aliandika kwamba tatizo huenda ni barabara.

Siku moja Chelimo alikwenda kwa Mzee Ogada kumwomba ateremshe cheti. Ogada hakubisha. Alipanda kwenye kigoda cha miguu mitatu, akaitoa fremu, akaiweka mezani kati yao, uso chini. Alitaka kulia, ilionekana wazi, uso ulijikunja wote, lakini macho yalibaki makavu na baada ya muda uso ukachoka, ukarudi mahali pake.

"Nyathina, mtoto wangu," alisema, "mimi nilikuletea wewe ndio nijue."

Chelimo alisimama pale mpaka akaingia mteja, mama mmoja kutoka upande wa Bomet, akaomba makopo matatu ya Tausi. Ogada akamwambia haiuzi tena. Yule mama akashangaa, hilo ndilo jambo pekee lililomshangaza mtu mwaka huo, akasema basi ataenda kwa yule kijana wa kibanda cha nne, ambaye anayo na cheti pia anacho, tena chake kimewekwa plastiki.

Rodah aliomba arudishwe nyumbani, na kwa kuwa hospitalini hapakuwa na kitu cha kumpa, akarudishwa. Chelimo aliomba likizo. Mwezi wa Agosti maziwa yalianza kufanya kama maji. Mursik ile iliingia kijiko, ikaingia nusu kijiko, kisha ikawa inagusa mdomo tu na kurudi kibuyuni. Midomo ya Rodah ilipasuka. Ngozi ya mikono ililegea, ikawa inabaki imesimama mtu akiifinya. Lakini vifundo vilikuwa vimepoa kabisa. Aliweza kufunga vifungo vyote.

Siku moja aliomba kutolewa nje. Chelimo akamwekea kiti uani, kati ya jiko na mistari michache ya chai yao wenyewe, na saa nane mvua ikaja. Ilipiga mabati, ikapiga ndoo, ikamlowesha Chelimo mpaka nguo ikamganda mwilini. Kwenye kiti cha Rodah palikuwa pakavu, hata vumbi la chini lilikuwa halijatulia.

"Nilikuwa naichukia sana hii mvua," Rodah akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo tu. "Miaka ishirini na sita nalowa. Asubuhi nguo haijakauka, naivaa hivyo hivyo. Sasa naitamani."

Chelimo alikinga viganja viwili, vikajaa, akavipeleka usoni kwa mamake. Maji yalimwagika kupitia upande wa pili, yakaenda kwenye majani ya chai. Alijaribu tena. Alijaribu mara nyingi, kama mtu anayepima kitu ambacho hakubaliani na majibu yake.

"Mama," alisema mwishowe, "ni mimi nilikosa. Nilipima maji."

"Si ndio kazi ilisema upime?"

"Ndio."

"Basi."

"Niliona tope. Ilibaki chini ya birika, niliiona na macho yangu."

Kuku walikuwa wamejibanza chini ya kiti chake, kwa sababu kulikuwa kukavu.

"Ulifanya nayo nini?"

"Nilitupa."

Rodah akaitikia kwa kichwa. Alitazama mvua kwa muda mrefu, na Chelimo alimngoja aseme lolote, hata tusi, angelipokea kwa mikono miwili.

"Lakini sahihi yako ni nzuri," Rodah akasema. "Niliwaonyesha watu wote."

Alikufa Alhamisi ya mwisho ya Agosti, mchana, mvua ikiwa inaanza. Daktari Bitutu aliandika kwenye kibali cha mazishi kwamba kifo kimetokana na kupungukiwa na maji mwilini. Palipoulizwa chanzo alichora kistari. Akina mama wa ushirika walijaribu kumwosha, wakashindwa, wakamfuta kwa kitambaa, na Dorcus akaonyesha wengine jinsi ya kuvuta kutoka juu kwenda chini ili kitambaa kitoe uchafu vizuri. Alizikwa Jumamosi, nyuma ya nyumba. Mvua iliwanyea waombolezaji, ikamnyea mchungaji na kitabu chake, ikalijaza beseni la kunawia mikono. Kaburi lilikaa kavu. Udongo wake ulibaki unga, na siku zilizofuata majani yaliota pande zote, yakafika kwenye ukingo wake, yakasimama.

Kipchirchir alikuja kwa niaba ya kampuni. Alileta pole, sukari, na kikapu cha Rodah kilichobaki shambani. Alisema alikuwa mfanyakazi mzuri, majani yake hayakukatwa kilo hata mara moja tangu Aprili. Kisha akaongeza kwamba watu ishirini na wawili kwenye ule mstari sasa ni wakavu, na ofisi imeona hakuna haja ya kununua aproni tena mwaka huu.

"Na wanakunywa nini?" Chelimo akauliza.

"Maziwa, kwa sasa," akajibu Kipchirchir, akaomba kuonyeshwa mahali pa kuweka sukari.

Chelimo alirudi kazini Jumatatu ya pili ya Septemba. Kwenye meza yake alikuta barua ikisema kamati ya Novemba imesogezwa Februari. Karibu na barua palikuwa na kopo la tausi, shehena mpya, limeletwa na kijana wa kibanda cha nne, na kikaratasi kilichoandikwa: kama ile ya kwanza tafadhali.

Alipima gramu mbili nukta nane. Alimwaga maji yaliyokuwa yakitokota, akafunika, akatega kengele. Dakika sita hizo alizikaa kwenye kiti kirefu, mikono imekunjwa, akitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara mteremko wote ulikuwa chai, na wachumaji walikuwa wametapakaa wakiinama na kuinuka. Hakusikia uchungu. Alijaribu kuusikia, akautafuta mahali alipojua ungekuwa, akakuta ile ganzi imekaa.

Kengele ikalia. Akachuja. Tope lilikuwa chini ya birika, la kijivu, likimetameta. Maji hayakuwa na kitu. Akajaza fomu, halafu pembeni, nje ya mistari, akaandika: Dawa hii humezwa nzima. Tope halikupimwa.

Bwana Nicholas aliisoma akiwa amesimama. Alikuwa amekonda, na midomo yake ilikuwa imepasuka katikati. Alienda kabatini, akachukua fomu mpya isiyo na kitu, akaiweka mbele yake.

"Hapa hakuna sehemu ya maelezo, Chelimo," alisema. Alimeza mate, hayakuwepo, akaanza tena. "Andika ingine."

"Bosi, wewe mwenyewe unakufa."

"Najua. Andika tu."

Alingoja, mkono mmoja umeshika mhuri, mwingine umeshika meza ili asimame vizuri. Chelimo aliitazama fomu. Kisha akaandika. Risasi: haikuonekana. Zebaki: haikuonekana. Arseniki: haikuonekana. Chini akatia sahihi, ile C yenye kitambi, na mhuri ukagongwa juu yake kabla wino haujakauka.

Saa nane mvua ikaja. Chelimo alilichukua birika, akalikung'uta kwenye ndoo, akaenda kwenye sinki, akafungua mfereji. Aliweka mikono chini yake, akangoja aone yatafanya nini. Maji yakaja moja kwa moja, yakamlowesha mikono yote miwili.